Ukurutu wa Mji

Wiki iliyopita tulimwacha Tan Guizhi mlangoni mwa kibanda cha tambi cha Mama Xiong, bakuli la tambi za nyama mbele yake halijaguswa, simu inaita mkononi na kidole kimefika kwenye kitufe. Sasa amekibonyeza.

"Njegere?" alisema. "Mwanangu, ni wewe?"

"Namba yako imekutwa kwenye tangazo haramu," simu ikajibu. Sauti ya mwanamke, tamu, ya mtu anayesoma karatasi. "Umechafua sura ya mji. Fika ofisini ukajieleze."

Guizhi akakata. Kabla hajashusha mkono, ikaita tena.

"Njegere?"

"Namba yako imekutwa kwenye tangazo haramu."

Akakata. Ikaita. Akakata. Ikaita.

Msomaji uliyejiunga nasi leo, sikia jambo moja tu na utatuelewa. Mwanamke huyu alipotelewa na mtoto wa miaka mitano pale uwanja wa stesheni, enzi zile kiwanda cha pamba cha Qinghekou kingali kinanguruma. Kiwanda kimekufa. Mashine zimeuzwa kwa kilo. Waliokiua wamejenga maghorofa. Guizhi hajahama chumba chake kwenye nyumba za wafanyakazi, na tangu apate simu hajabadili namba, kwa sababu namba hiyo iko chini ya picha ya mtoto kwenye nguzo za mji huu na za miji mingine mpaka kusini kabisa. Wazazi wa watoto waliopotea hawabadili namba. Wanakula bila chumvi ili simu isikatwe.

Juzi kijana alipiga kutoka kusini. Hakutaja jina lake. Aliuliza swali moja tu: je, mtoto wenu mlimwita jina la chakula? Guizhi alikaa chini sakafuni. Jina la Njegere halijawahi kuandikwa kwenye tangazo lolote.

"Jumamosi asubuhi nitashuka hapo," kijana alisema. "Nitapiga kwa simu ya kulipia, kibandani hapo stesheni. Nisipokupata nitageuza na treni ya adhuhuri, kazini hawanivumilii." Kisha laini ikakatika.

Leo ndiyo Jumamosi.

"Lete hapa," alisema Mama Xiong, akafuta mkono wenye pilipili kwenye aproni na kuinyakua simu. Alisikiliza, midomo ameibinua. "Ndiyo yenyewe. Ndiyo mashine iliyompiga yule fundi vitasa wa bondeni mpaka akaitupa simu mtoni. Inapiga, inapiga, hailali, haiendi chooni."

"Mimi nimefanya nini?"

"Umebandika karatasi ukutani, Fundi Tan. Mji una ukurutu, na wewe ni kipele."

Ukurutu, ndivyo wakubwa wa mji wanavyoyaita matangazo yale ya ukutani: dawa za kaswende, kuzibua mabomba, vyeti feki. Ukiyabandua leo, kesho yameota. Basi wakubwa wakanunua mashine. Namba yoyote iliyo kwenye ukurutu inaingizwa humo, na mashine inaipigia bila kukoma mpaka mwenyewe aizike.

"Lakini picha ya mtoto hawajawahi kuiandama," alisema Guizhi. "Miaka yote hii wanaipita tu."

"Labda leo huruma imewaishia."

"Huruma waliipata wapi?"

Mama Xiong akacheka puani. "Mumeo Desheng yuko wapi?"

"Stesheni. Ameondoka alfajiri na bango. Kama kijana hataweza kupiga, atamwona yeye."

"Basi una mume wa maana. Nenda ofisini ukawatukane. Tambi zako nitazifunika."

Ofisi hiyo inaitwa Ofisi ya Sura ya Mji. Nisome tena jina hilo taratibu? Sura ya Mji. Wanazo picha za maua kwenye lango, wanazo picha za meya wa zamani na wa sasa. Sura ya mtoto mmoja ndiyo iliyowashinda kuitazama.

Na mkuu wake unadhani ni nani? Dong Yaowu. Yule yule aliyekuwa mlinzi mkuu wa lango la kiwanda, aliyeshika kipaza sauti siku ile na kusoma majina ya walioachishwa, akatafuna njugu kati ya jina na jina. Watu wengine wamesahau. Guizhi alikuwa wa kwanza kwenye herufi yake, hajasahau.

"Fundi Tan," alisema Dong bila kuinuka. "Kaa."

"Nitasimama. Toa namba yangu kwenye mashine yako."

"Kila mwizi akija hapa anasema hivyo hivyo."

"Mwizi wa nini? Mimi natafuta mtoto."

"Na vyeti?" Dong alivuta droo na kumwaga mezani fungu la karatasi za njano zilizobanduliwa ukutani. Zote ziliandikwa maneno yale yale: VYETI VYA CHUO, MIHURI YOTE, KAZI SAFI, PIGA. Na chini yake, kwa tarakimu nene, namba ya Guizhi.

Alizitazama muda mrefu. Simu iliendelea kuita mfukoni mwake.

"Mimi sina hata cheti cha shule ya msingi," alisema. "Nitatengeneza cha chuo?"

"Ndiyo maana vinauzwa rahisi."

"Nani kabandika?"

"Namba ni ya nani?"

"Dong, sikiliza. Mwanangu anapiga leo. Saa hizi. Hana namba nyingine, na mimi sina yake. Treni yake inaondoka adhuhuri."

"Kwa hiyo una haraka." Alijimiminia chai, akapuliza majani pembeni. "Badili namba. Namba ni namba."

"Namba hii iko ukutani mpaka pwani ya kusini. Nikiibadili, ni sawa nimemfungia mlango."

"Basi fuata utaratibu. Mashine haijui sura, inajua namba. Bandua kila karatasi yenye namba hii katika wilaya nzima, uniletee hapa. Ya vyeti na nyingine zote."

"Nyingine zipi?"

"Unazijua."

Alitaka abandue picha za mtoto. Kwa mikono yake. Amkwangue mwanawe nguzo kwa nguzo, amlete kwenye mfuko, kisha bwana huyu aliyetafuna njugu ndiye aamue kama amekwangua vya kutosha.

Guizhi hakulia. Aliokota karatasi moja ya njano, akaigeuza, akaisogeza puani. Gundi ilikuwa imekauka mgongoni mwake, nene, ya kijivu. Ilinuka wanga uliochacha, na ndani yake zilimeta chembe za shabu, chumvi nyeupe ya kusafishia maji.

Msomaji, hakuna mtu wa kiwandani asiyeijua harufu ile. Ni gundi waliyoipaka nyuzi kabla ya kuingia kwenye mitambo ya kufumia, zisikatike. Shabu ilitiwa ili panya wasiile. Haiuzwi dukani. Wabandikaji wa vyeti hutumia gundi ya chupa kama watu wengine.

"Hii ni gundi yetu," alisema Guizhi. "Gundi ya kiwanda."

Kikombe cha Dong kilisita kidogo. Kidogo tu.

"Gundi haina jina," alisema.

"Hujanisamehe lile lango la kiwanda, siyo? Siku nilipolifunga kwa mnyororo na wewe ukiwa nje, umevaa kofia mpya, unagonga kama mwombaji. Watu walikucheka mpaka barabara ya pili."

"Toka, Fundi Tan."

"Ndiyo maana umenibandika."

"Toka. Na hiyo simu yako, kama inakukera, izime."

Alitoka. Uani, kwenye dirisha dogo, wanawake wenye vikwangulio walikuwa wamepanga foleni na mifuko ya ukurutu wa asubuhi. Ndani alikaa binti wa mashine, Fei, mwanamke mzima wa miaka thelathini na kitu ambaye bado wanamwita binti kwa kuwa hajaolewa. Alikuwa anafuma sweta. Karatasi ikija, anaweka sindano chini, anabonyeza namba, anarudi kwenye sweta.

"Binti Fei, hiyo namba uliyoingiza ni ya nani?"

"Sijui."

"Huulizi?"

"Nikiuliza nitamaliza lini? Hesabu ya wiki napewa kwa wingi wa namba, shangazi, siyo kwa wingi wa maswali. Unayo karatasi, lete. Huna, pisha."

Guizhi akapisha. Alipofika langoni akasimama. Juu ya lango, chini ya maua yale yaliyochorwa, kulikuwa na kibao: KUTOA TAARIFA ZA MATANGAZO HARAMU, PIGA. Pembeni yake kibao kingine cha shaba: MKUU WA OFISI, MSAIDIZI WA MKUU, na namba za mezani kwao.

Alizisoma. Akazisoma tena. Kisha akakimbia, mwanamke wa umri wake, viatu vya kitambaa vikipiga lami.

"Mama Xiong, una karatasi?"

"Za kufungia mandazi ya mvuke."

"Zote. Na rangi nyekundu ya kuandikia bei."

Wateja walikuwa pale pale na bakuli zao na vikombe vyao vya pombe ya mchele, wafumaji na wasokotaji wa zamani, watu ambao tangu kiwanda kifungwe hawajapata wa kumlipiza. Guizhi hakutoa hotuba. Aliandika ya kwanza mbele yao: NAZIBUA VYOO, MCHANA NA USIKU, HARUFU SI TATIZO, PIGA. Akamalizia na namba ya mezani kwa Dong Yaowu.

Kibanda kizima kikanyoosha shingo kusoma. Halafu mzee mmoja akaweka vijiti vyake chini.

"Mimi mwandiko wangu mzuri," alisema. "Nipe brashi niandike ya dawa ya bawasiri."

"Mwandikie na ya nguvu za kiume," alisema mwingine. "Asije akaona tumemsahau."

Mama Xiong alikoroga unga na maji ya moto. Hawakuhangaika kwenda mbali. Walibandika kwenye ukuta wa ofisi yenyewe, upande wa nyuma, uani, namba zote za kwenye vibao, ya mkuu, ya msaidizi wake, na ya kupokea taarifa. Wenye vikwangulio wakageuka, wakatazama, wakasoma. Mmoja wao, aliyekuwa karakana ya kusokota zamani, akakuna kichwa.

"Fundi Tan, hizi ni haramu."

"Kabisa. Fanya kazi yako."

Yule akatabasamu mpaka pengo likaonekana. Akazibandua zikiwa bado na unyevu, akazipeleka dirishani.

Binti Fei aliweka sweta chini. Akabonyeza namba ya kwanza. Akabonyeza ya pili. Hakushtuka, na msimcheke. Nani siku hizi anaijua kichwani namba ya bosi wake? Ofisini humo wanaitana kwa kupiga kelele koridoni. Akabonyeza ya tatu, akarudi kwenye mkono wa sweta.

Guizhi alisimama chini ya dirisha la Dong. Simu ya mezani ikaita ndani.

"Ofisi ya Sura ya Mji, Mkuu Dong anaongea." Kimya. "Ndiyo." Kimya. Kiti kikakwaruza sakafu, mtu ameinuka. "Ndiyo, mkubwa. Nimechafua wapi, mkubwa?"

Uani watu wakaziba midomo.

"Hapana, mkubwa. Mimi ndiye ninayesafisha. Mkubwa? Unapiga kutoka mkoani?"

Simu ikakatika, ikaita tena. Ya chumba cha pili ikaita. Ya kupokea taarifa ikaita, kisha zote zikaita pamoja kama kengele za zamu, na wafumaji wa zamani waliosimama uani wakajikuta wamenyoosha migongo.

Dong akatoka koridoni kola imepinda. "Fei, zima mashine."

"Siruhusiwi, Mkuu. Kuzima mpaka idhini ya mkoa."

"Omba idhini."

"Inaombwa kwa simu."

"Basi piga."

"Simu ipi, Mkuu? Zote zinaita."

Mama Xiong alikaa chini kwenye ngazi. Alicheka mpaka akashika mbavu, na hakuna aliyemsaidia kwa kuwa kila mtu alikuwa na shida hiyo hiyo.

Dong hakucheka. Aliingia ndani ya chumba cha mashine, akamsukuma Fei na kiti chake, akashika waya na kuung'oa ukutani.

Zikanyamaza. Za ofisini kwanza. Halafu, mfukoni mwa Guizhi, ile iliyokuwa inatetemeka tangu asubuhi ikatulia kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Aliitoa. Akaishika kwa mikono miwili. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia adhuhuri.

"Piga," aliiambia kimoyomoyo. "Piga, mwanangu. Njia ni nyeupe."

Dong aliuacha waya, akaja mpaka mbele yake. Uso wake ulikuwa mwekundu, lakini sauti ilikuwa ya chini.

"Umeshinda, Fundi Tan. Wameshacheka. Sasa nikuulize. Kiwandani mimi nilifanya kazi wapi?"

"Langoni. Kila mtu anajua."

"Langoni. Miaka yote langoni. Nimewahi kukanyaga chumba cha gundi?"

Dong aliinyoosha kola yake.

"Karatasi zile nimezikuta ukutani kwangu jana asubuhi kama zilivyo. Nilifurahi, sikufichi. Nilisema, huyu mwanamke sasa nimempata. Lakini sikubandika mimi. Gundi ile yenye shabu walijua kuipika wanaume wawili. Mmoja alikufa kwa mapafu, nimemzika mwenyewe." Aliinama karibu na sikio lake. "Wa pili unalala naye."

Mtu ukiambiwa hivyo hukasirika kwanza. Guizhi aliinua mkono ampige. Mkono ukabaki juu. Alikuwa ameikumbuka sufuria. Juzi usiku, baada ya kijana kupiga, Desheng alisema hana usingizi, akakaa jikoni anakoroga kitu. Uji, alisema. Asubuhi sufuria ilikuwa imesuguliwa ikang'aa, na Desheng hajawahi kusugua sufuria tangu waoane.

Simu ikaita.

Aliibonyeza. Hakusema jina. Aliogopa kulisema.

"Haloo?" Sauti ya kiume, ya kijana, yenye lafudhi ya kusini, na nyuma yake kelele za stesheni. "Hatimaye. Nimepiga tangu asubuhi, inalia kama inatumika."

"Uko wapi?"

"Kibandani, nje ya mlango wa abiria. Sikiliza, sina muda. Kuna mzee hapa mwenye bango. Amenipokea vizuri, amenilisha. Anasema yeye ndiye baba."

"Mpe simu."

"Nimemwambia naenda chooni. Anasema mama alikufa siku nyingi. Anasema namba hii wameichukua matapeli, nikipiga nitasikia mashine tu, na kweli mara zote nimekosa. Ameninunulia tiketi ya kurudi. Ameshaniwekea begi ndani ya behewa." Kijana alivuta pumzi. "Kwa hiyo nataka kujua. Wewe unayeongea ni nani?"

Uani walikuwa wamesogea karibu wote. Hata Mama Xiong alikuwa amesimama.

"Ulikuwa hupendi wali," alisema Guizhi. "Ulikuwa unachambua njegere, unaziweka mfukoni, unakwenda nazo kulala. Nikifua suruali yako nazikuta zimeota. Mimi ndiye niliyekupa jina hilo. Usipande treni hiyo."

Upande wa pili palisikika kikohozi. Kikohozi kikavu cha kifua kilichovuta vumbi la pamba, ambacho Guizhi amekisikia kando ya sikio lake kila usiku wa ndoa yake.

"Kijana," ilisema sauti ya Desheng, karibu kabisa na simu, kwa upole. "Choo ni upande ule. Unaongea na nani?"

Laini ikakatika.

Guizhi aligeuka akimbie. Stesheni si mbali, mtu mwenye miguu yake anafika. Alifika langoni, akalisukuma, halikwenda. Wakati anaongea na simu, mnyororo ulikuwa umezungushwa mara mbili kwenye nondo, mpya, unang'aa, na upande wa ndani alisimama Dong Yaowu anatia ufunguo mfukoni.

"Uharibifu wa mali ya umma," alisema. "Nimeshamtuma mtu polisi. Mara ile ulilifunga wewe. Leo ni zamu yangu."

Kutoka upande wa mto honi ya treni ikalia, ndefu. Nyuma ya dirisha dogo Binti Fei alikuwa ameinama ukutani, waya wa mashine mkononi, anatafuta tundu lake.

Simu mkononi mwa Guizhi ikaita.